Uji Nilioukana

Ni mimi niliyepika ule uji. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya nusu ya umri wangu: kwanza kwa Kiingereza, mbele ya watu waliokuwa wamekasirika, halafu kwa Kiswahili, mbele ya rafiki yangu ambaye hakukasirika hata kidogo, na baadaye kimoyomoyo, ambako hakuna aliyekuwa ananiuliza. Katikati ya hapo nimeandika makala kadhaa kuhusu uwajibikaji. Nimewahi hata kuwaambia wahitimu wa sekondari moja ya hapa wilayani kwamba mtu mzima ni yule anayesema "ni mimi" kabla hajaulizwa. Wakanipigia makofi, nikala pilau yao, nikarudi nyumbani. Uji wenyewe ulikuwa wa mchele wa kusaga, wenye karanga na pilipili manga. Niliupika katika mji wa Pune, huko India, nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwenye jiko la watu ambao siku hiyo hawakutakiwa kuwasha moto.

Kilichonitoa nilikojificha ni msiba mwingine. Mwezi uliopita mama yake Rehema alifariki huko Kidodi, nami nikatoka hapa Mikumi asubuhi na mapema nikiwa na kanga mbili na mfuko wa mchele, kama mtu yeyote. Rehema ndiye niliyekwenda naye India. Tulisoma wote Kilosa, tukapata nafasi katika chuo kimoja, tukakaa chumba kimoja. Yeye akarudi baada ya mwaka mmoja, mimi nikabaki mpaka nikamaliza. Leo yeye ana mashamba ya miwa, na madereva wa malori wakipita mbele ya nyumba yake humpigia honi kwa heshima. Mimi nina shahada mbili, na nikipigiwa honi ujue nimesimama katikati ya barabara nikiwaza. Nilipofika msibani niliwapa wafiwa mkono, nikajifunga kanga ya pili kiunoni, nikapita moja kwa moja uani kwenye mafiga. Kwetu hivyo ndivyo mwanamke anavyotoa pole. Ukikaa sana kwenye mkeka huku wenzako wanapuliza moto, watu wataanza kujiuliza umefuata nini.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Rehema alitoka ndani akaja kukaa nasi uani, kwenye kigoda, macho yamemvimba. Wifi yake alikuwa anachagua mchele. Mimi nilikuwa kwenye sufuria ya uji wa wafiwa.

"Huyu mnayemwona nilikaa naye India," Rehema akawaambia wenzake, akinionyesha kwa kidevu. "Nyumba moja, chumba kimoja. Mimi nikafukuzwa kwa sababu ya uji."

"Uji gani tena huo, wifi?"

"Wa msibani. Kama huo anaokoroga."

"Kwani Wahindi hawanywi uji?"

"Muulizeni yeye. Ndiye msomi."

Wote wakanigeukia. Nikakoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa, nikasema ni siku nyingi, sikumbuki vizuri. Rehema akacheka, kicheko cha mtu aliyelia siku mbili. Wifi yake akavuta gunia, akaanza kupima mchele kwa kikombe cha stili. Alipokipindua kukung'uta punje za mwisho, nikaona kitakoni pake vinukta vilivyogongwa kwa msumari, vimefuatana mpaka vikawa herufi za Kimarathi. Sijui kusoma Kimarathi, lakini mstari ule naujua kama ninavyoijua saini yangu. Kilikuwa kikombe cha Ajoba. Kilipotea siku ile ile ya uji, nyumba nzima ikakitafuta, na wa mwisho kukishika, nilivyojua, nilikuwa mimi.

Ajoba ni babu kwa Kimarathi, na mkewe tulimwita Aji, yaani bibi. Tulifika kwao baada ya wiki nzima ya kutafuta chumba, kwani nyumba nyingi za Pune zilikuwa na nafasi kwenye simu na hazikuwa na nafasi tukifika mlangoni. Aji alitutazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, akamwambia mumewe neno, naye akatutafsiria kwa Kiingereza: je, mnakula nyama? Rehema akasema hapana. Nami nikasema hapana. Tulikuwa bado tunanuka kuku wa kukaanga tuliyemnunua karibu na stesheni. Nadhani Aji alimnusa yule kuku, akatuhurumia tu. Tukapewa chumba cha nyuma, ghorofa ya pili, chenye vitanda viwili vya chuma, feni iliyokohoa kila ikizunguka, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani kwa karibu kiasi kwamba tungeweza kuanika soksi kwake. Sheria zilikuwa chache: viatu nje, nyama na samaki marufuku, na jikoni hapaingiwi na mpangaji. Chakula kiliwekwa mezani, tukajipakulia.

Mji wenyewe ulinitia wazimu kwa miezi miwili. Mtu aliyekulia Kilosa amezoea barabara ambayo unaweza kusimama katikati yake ukamaliza habari ya mgonjwa. Pale asubuhi pikipiki zilikuja kama nyuki, zinaendeshwa na wasichana waliojifunga mitandio mpaka yakabaki macho, na bajaji, ambazo kwetu zilikuwa hazijafika, zilipita katikati ya vitu viwili visivyo na katikati. Siku ya kwanza nilisimama ukingoni mwa barabara mpaka kipindi changu cha kwanza kikaisha. Ajoba aliposikia, alivaa makubazi yake akanipeleka mwenyewe. "Usikimbie," akaniambia. "Usisimame. Tembea kama ng'ombe. Ng'ombe hagongwi." Akaniongoza katikati ya honi kwa mwendo wa mtu anayepeleka mfugo mtoni, na kweli kila kitu kilitupisha. Mpaka leo nikivuka barabara kuu ya Mikumi, malori ya Zambia yakiwa yameshika kasi, natembea kama ng'ombe. Mwanangu hujitenga nami kwa aibu.

Kidogo kidogo nyumba ile ikanifundisha saa zake. Maji yalitoka bombani alfajiri, kwa muda mfupi, na ukichelewa utaoga kwa kikombe. Baada ya maji ilikuja sufuria ya presha ya Aji, ambayo ilipiga miluzi: mitatu ni mchele, mitano ni dengu, na ikizidi hapo ujue Aji amebishana na mumewe na amesahau. Kisha chai ndogo, nzito, yenye tangawizi, na mchele bapa uliokaangwa na kitunguu na binzari. Na hapo ndipo nilipomkuta Ajoba kila asubuhi, kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, na kikombe chake cha stili, kilichoandikwa jina lake kitakoni kwa vinukta, kama vyombo vyote vya nyumba ile, ili visipotelee kwenye sherehe za majirani. Sikuweza kumpita mzee yule na "good morning" ya darasani, ulimi ulikataa. Siku ya nne nilimpa shikamoo, nikamweleza jibu lake. Tangu hapo nikipita kwenda chuoni, "Shikamoo Ajoba," naye bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti, "Marahaba," kwa sauti ya mtu aliyeamkiwa hivyo tangu ujana wake.

Alikuwa karani mstaafu wa reli. Siku nilipomwambia kwamba Kilosa kuna stesheni, alikunja gazeti. Akauliza treni hufika pale saa ngapi. Sikuwa na habari yoyote, ila sikutaka kumvunja moyo mzee wa watu, nikasema saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Zile dakika kumi na mbili zilimfurahisha mno. Akaziandika. Baadaye kila baada ya siku chache aliniuliza kama nimepata barua kutoka nyumbani, na kama treni bado inakwenda kwa wakati. Muda wote aliokuwa hai, treni ya Kilosa haikuchelewa hata mara moja.

Rehema yeye alizoea kwa njia nyingine. Mimi nilijifunza ratiba. Yeye alijifunza watu. Ndani ya miezi mitatu alikuwa anagombana na wauza mboga kwa Kihindi chao na anapunguziwa bei, nami nikisimama nyuma nimeshika mfuko. Alichoshindwa ni kukaa bila kitoweo. Mama yake, huyu tuliyemzika majuzi, alikuwa amemfungia dagaa kwenye kopo la maziwa, na siku moja, akidhani Aji atachelewa hekaluni, Rehema aliigeuza pasi ya umeme kichwa chini miguu juu akakaangia dagaa juu yake, pale barazani. Harufu iliteremka ngazi kabla yetu. Aji alirudi, akasimama na ncha ya sari puani. Kesho yake aliosha baraza mara tatu, na Ajoba akatuambia kwa huzuni kwamba jambo lile lisirudiwe. Lilikuwa kosa la Rehema na alilikubali papo hapo. Ninalitaja kwa sababu ndilo lililoniokoa mimi.

Ajoba alifariki mvua zilipokuwa zinakwisha. Niliamka, nikapita na vitabu vyangu, nikasema "Shikamoo Ajoba" kwenye kiti kitupu. Alikuwa amelazwa chini sebuleni, amefunikwa shuka jeupe, na wanawake wameketi pembezoni. Mtoto wao wa kiume alikuwa njiani kutoka Bombay, na maiti ilikuwa inamsubiri. Nilikaa nao. Ikafika saa nne, ikafika saa tano. Watu waliingia mikono mitupu, wakaketi, wakalia, wakatoka. Hakuna aliyeleta hata fungu la kuni, kwa namna ya kusema. Hakuna aliyeinuka kwenda jikoni. Nilitazama jiko lile limelala baridi na mfiwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, na moyo wangu wa Kilosa ukaona aibu kwa niaba yao. Nikawaza: hawa watu hawana jamaa? Rehema alikuwa ameuliza jirani kinachofaa, akaambiwa maua, akaenda kununua maua. Mimi sikuuliza. Msibani huulizi, unashika mwiko.

Nikaingia jikoni. Nikawasha gesi, nikasaga mchele na karanga kwenye mashine ya Aji, nikapika uji mwepesi kama tunavyompikia mtu ambaye koo limefunga. Honi ya gari ikasikika chini, wanawake wakatoka wote kumpokea kijana. Nikachukua kikombe kilichokuwa karibu, na nilijua ni cha nani. Leo napenda kusema kwamba nilidhani mjane atameza kwa urahisi akishika kitu cha mumewe, ila siwezi kuapa kwamba sikukibuni hicho baadaye. Nikamwekea Aji chini, ubavuni. Alikuwa ameelekea ukutani, sari imemfunika mpaka usoni, hakuinua kichwa. Nikatoka, nikaingia chumbani kwetu, nikajisikia mtu mwema.

Baadaye mwanafunzi mwenzangu alinieleza: katika nyumba kama ile moto hauwashwi wakati maiti iko ndani, na hata ikishatoka, chakula huletwa na majirani kutoka majikoni mwao. Kutopika kwao ndiko heshima yenyewe. Lakini hayo nilielezwa baadaye. Saa ile nilichosikia ni sauti ya dada wa marehemu, mama mmoja aliyefika kwa treni ya asubuhi, akiwa ameikuta sufuria ya moto. Halafu akahesabu vyombo, akakuta kikombe cha kaka yake hakipo, akasema kimeibwa. Kijana wa Bombay akaja mlangoni kwetu. Rehema alikuwa amerudi, ameshika mashada yake mawili ya maua ya njano.

"Nani kati yenu aliingia jikoni?" akauliza kwa Kiingereza, kwa upole ulionichoma kuliko kelele za shangazi yake. Macho yake yalikuwa kwa Rehema. Habari za dagaa zilikuwa zimefika Bombay.

"Si mimi," nikasema.

Hakuwa ameniuliza mimi peke yangu. Ningeweza kunyamaza walau kwa dakika moja. Rehema alinigeukia, akanitazama kama mtu anayesoma kibao cha basi kilicho mbali kidogo, kisha akamgeukia kijana na hakusema kitu. Akapewa mpaka Jumapili awe ameondoka.

Alipokuwa anafunga begi aliniuliza mara moja tu. "Asteria, ni wewe?"

"Hapana. Labda yule mama anayefua."

"Mama anayefua," akasema, akivuta zipu. "Ndiye anayejua kuweka karanga kwenye uji."

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu, nami niliitumia kumsaidia kubeba begi mpaka chini. Alipata chumba mbali sana na chuo, na mwaka ulipokwisha akarudi nyumbani asirudi tena. Mimi nikabaki kwa Aji. Mwanawe alikwenda zake, shangazi naye, nyumba ikawa yetu wawili na miluzi ya sufuria ya presha, ambayo sasa ilisahaulika mara kwa mara. Asubuhi moja, bila kufikiri, nilinong'ona shikamoo nilipopita kile kiti. Kutoka jikoni Aji akajibu: "Marahaba." Nikashuka ngazi mbio. Watu walionifahamu baadaye wamekuwa wakisema mimi ni mtu wa kujali wageni, mtu wa kuwatafutia vyumba, wa kuwatetea. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba mwenzangu aliwahi kufukuzwa ugenini nami nikashika upande mmoja wa begi.

Sasa turudi Kidodi, uani, kwenye kikombe. Wazo langu la kwanza, nalisema kwa kuwa nimeshaanza kusema, lilikuwa la furaha. Kumbe alikiiba. Kumbe shangazi alikuwa sahihi, na kama Rehema alikuwa mwizi basi kufukuzwa kwake hakukuwa kosa langu kamili. Lilikuwa labda nusu, labda robo. Nilirudi Mikumi nikiwa nimeketi na hiyo furaha mapajani kama kuku wa kupewa. Siku ya pili ilianza kunuka. Kama alikichukua yeye, alikitoa wapi? Kilikuwa ubavuni mwa Aji, kimejaa uji wangu. Siku ya tatu, mchana, nikampigia simu.

"Umefika salama wewe?" akasema Rehema. "Kimya toka Jumatano." Nyuma yake lori lilikuwa linarudi kinyumenyume na mtu anapiga kelele lisimame.

"Nilifika. Rehema, ule uji. Ni mimi niliyepika."

Lori likazimwa. "Enhe."

"Unasema enhe tu?"

"Ulitaka nishangae? Tulikuwa wawili mle ndani, Asteria. Mimi nilijua si mimi. Hesabu hiyo hata mimi niliyefeli takwimu naiweza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema wewe, wangetutoa wote wawili, na wewe hukujua hata kununua nyanya. Na nilikuwa nimechoka na nyumba isiyo na dagaa. Lakini usijifariji sana. Kile chumba nilikaa na panya mpaka mwaka ukaisha, na kila nikimsikia nilikuwa nakutaja jina."

Nikamwambia nimestahili. Akasema ndiyo, nimestahili. Kisha nikauliza kuhusu kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nikamsikia Rehema anatafuta maneno.

"Alinipa Aji," akasema. "Ile Jumapili. Wewe ulikuwa umeshuka na begi, nami nilirudi kuchukua kandambili. Akanivuta jikoni, akakitoa kwenye sari, kimeoshwa. Aliunywa wote, Asteria. Maiti iko sebuleni, yeye anakunywa uji kajifunika, halafu akakificha. Angemwambia nani? Akanishika mikono yote miwili akaibusu, akaniambia mimi ni binti yake. Akaniuliza niliweka nini ukawa mtamu vile."

"Ukasemaje?"

"Nikasema tangawizi."

"Pilipili manga."

"Basi nilimdanganya na hilo. Alikuwa anakushukuru wewe, nami nikapokea. Ningeweza kumwambia yule aliyepika yuko chini kwenye ngazi. Sikusema. Nilikuwa nimefukuzwa kwa ajili yake, nikaona walau ahsante niondoke nayo. Mama yangu amepimia mchele kwa kikombe hicho mpaka amekufa, akijisifu mwanawe alipewa na bibi wa Kihindi. Kila nikikiona, najua ni chako."

Nilikuwa nimesimama uani kwangu. Huko kwake lori likawashwa tena.

"Asteria, upo?"

"Nipo."

"Arobaini ya mama ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Uje mapema, uji upike wewe, kikombe chako utakikuta jikoni." Akamkemea mtu wa lori, akarudi kwenye simu. "Na watu wakiuliza nani kapika, safari hii useme."